Namna ya kusafisha panga na mkasi wa kupogolea usihamishe ugonjwa shambani

Mnyauko wa migomba, ambao Waganda huuita kiwotoka, ulitambuliwa Uganda mwaka 2001 katika maeneo ya Mukono na Kayunga. Ethiopia walikuwa wakiujua tangu miaka ya 1960, kwenye ensete, ndugu wa mgomba. Kila ulikoingia, vilivyoubeba ni vilevile: wadudu wanaotembelea maua, miche iliyotolewa shamba lenye ugonjwa, na panga. Wadudu huwezi kuwafunga kamba. Panga ni lako.

Bakteria wa mnyauko hukaa ndani ya utomvu. Ukikata jani au chipukizi la mgomba mgonjwa, utomvu hubaki kwenye bapa la panga, mwembamba kiasi kwamba huuoni, na pigo linalofuata linauingiza moja kwa moja kwenye kidonda kibichi cha mgomba mzima. Ubaya zaidi ni kwamba mgomba unaweza kuwa na ugonjwa wiki kadhaa bila jani hata moja kugeuka njano. Ndiyo maana mkulima anayeosha panga jioni, akaliweka safi kabisa kwenye dari la jikoni, hajalinda chochote katika kazi ya siku ile. Amekwisha pita shamba zima.

Basi usafi unaozungumziwa hapa ni wa kati ya shina na shina, kazi ikiendelea. Wengi husema haiwezekani, inachelewesha. Inachelewesha kweli ukiwa na panga moja. Ukiwa na mapanga mawili haichelewishi, na nitaeleza kwa nini.

Vitu vya kuandaa

Hakuna kitu cha kuagiza mbali. Unahitaji mapanga mawili, ndoo ya maji, sabuni ya unga au ya mche, brashi ngumu (ile ya kusugulia viatu inatosha), kitambaa, Jik au dawa nyingine ya klorini ya kung'arisha nguo, na kwa wenye mikasi, spiriti kutoka duka la dawa. Ongeza glavu za mpira. Mafuta kidogo ya kupikia au ya cherehani yatahitajika mwisho wa siku.

Hatua ya kwanza: ondoa uchafu kabla ya dawa

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Wanachovya panga lenye utomvu mkavu na udongo ndani ya Jik, wanalitoa, wanaendelea. Klorini ikikutana na udongo na utomvu inaishia hapohapo. Nguvu yake yote inatumika kupambana na uchafu, na bakteria waliojificha chini ya ule uchafu hawaguswi. Dawa inafanya kazi kwenye chuma safi tu.

Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kuanza, sugua panga kwa maji ya sabuni hadi lisiwe na ganda la kahawia. Utomvu wa mgomba ukikauka unang'ang'ania, na hauondoki kwa kupangusa na majani. Sugua pande zote mbili, kisha angalia pale bapa linapoingia kwenye mpini. Pale pana ufa mdogo ambao hujaa uchafu mweusi wa miezi. Toa kwa ncha ya msumari. Kama mpini umefungwa mpira wa tairi au kitambaa ili usiteleze, ufungue. Ule mpira unafyonza utomvu na huwezi kuuosha ndani. Afadhali mpini mtupu, uliolainishwa kwa msasa.

Ukitaka kunoa, noa baada ya kuosha, na lile tupa la kunolea ulisugue pia. Tupa lina meno, na katikati ya meno hubaki unga wa kila panga lililopita.

Hatua ya pili: pima Jik sawasawa

Kipimo kinachofundishwa wakulima wa migomba hapa Uganda ni sehemu 1 ya Jik kwa sehemu 5 za maji. Kikombe kimoja, vikombe vitano. Chupa ya nusu lita, maji lita 2 na nusu.

Ukisoma mafundisho ya Marekani au Uingereza utakuta wanasema sehemu 1 kwa 9, na wengine wanahamisha kipimo hicho hapa bila kufikiri. Dawa zao huwa kali zaidi dukani, mara nyingi asilimia 5 na kuendelea. Chupa yako ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, kuichanganya moja kwa tano kunakupa maji yenye klorini ya karibu asilimia 0.6, ambayo ni nguvu ileile wanayopata wao kwa moja kwa tisa. Soma kibandiko, kisha upime. Chupa isiyo na kibandiko, ile inayomiminwa sokoni kutoka kwenye jerikeni kubwa, haifai kazi hii kwa sababu hujui umenunua nini.

Changanya asubuhi kiasi cha siku hiyo. Jua na joto vinaivunja klorini, na mchanganyiko wa jana ni maji yenye harufu tu. Hata ndani ya siku, ukiona umegeuka rangi ya chai, mwaga uchanganye mwingine.

Tahadhari mbili ambazo sitaki uziruke. Usichanganye Jik na dawa ya kusafishia choo wala siki, kwa kuwa hutoa gesi inayoumiza mapafu. Na wale mnaotumia mkojo uliochachushwa kama mbolea au dawa ya wadudu, msitumie ndoo ileile kwa Jik, kwa sababu mkojo una amonia na matokeo ni gesi mbaya vilevile. Jik ibaki kwenye chupa yake. Ukiihamishia kwenye chupa ya soda, kuna siku mtoto ataona soda.

Hatua ya tatu: mapanga mawili kwa zamu

Tatizo la ndoo ya kawaida ni kwamba panga halizami. Ndoo ni pana, dawa inakaa kina cha vidole vinne, na sehemu ya bapa inayokata inabaki nje. Tafuta kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, lile la maji machafu, urefu wa nusu mita, uzibe upande mmoja kwa kifuniko chake na gundi. Lita 3 za mchanganyiko zinapanda ndani yake zaidi ya sentimita 30, na hapo sehemu yote ya panga inayogusa mti inazama. Toboa matundu mawili juu, pitisha kamba, ubebe begani. Fundi bomba yeyote ana mabaki ya bomba la namna hiyo.

Kazi inakwenda hivi. Panga la kwanza liko mkononi, la pili liko ndani ya bomba. Maliza shina moja, yaani mama na watoto wake. Pangusa panga kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ili utomvu mbichi utoke, litumbukize, toa la pili, kung'uta, nenda shina linalofuata. Wakati ukikata majani na kupunguza machipukizi kule, panga la kwanza linaloweka bila wewe kusubiri. Kuchovya na kutoa papo hapo hakutoshi. Dawa inahitaji muda kugusana na chuma, na zamu hii ndiyo inayoupatia.

Anza na sehemu ya shamba isiyo na dalili yoyote, malizia na sehemu unayoitilia shaka. Usirudi nyuma. Na kama majani bado yana maji ya mvua, subiri yakauke, kwani unyevu unasaidia magonjwa mengi kupata njia.

Moto, kwa asiye na Jik

Moto ni dawa nzuri kwa panga, na wengi wanao bure. Weka bapa juu ya makaa ya sigiri au kwenye moto wa kuni, ligeuzegeuze mpaka liwe na joto ambalo huwezi kuligusa. Jaribio lake ni rahisi: dondosha tone la maji. Likiruka na kuchemka mara moja, joto limefika. Liache lipoe kidogo ndipo ukate.

Usilipeleke hadi likawa jekundu. Chuma kikifika huko kinalainika na makali hayakai tena, utakuwa unanoa kila siku. Kabla ya hapo utaona rangi ya bluu ikitambaa kwenye ukingo, ukiiona, umeshapitiliza. Na moto uwashwe pembeni, mbali na majani makavu yaliyotandazwa chini ya migomba.

Mkasi wa kupogolea na msumeno

Mkasi ni jambo jingine. Una springi, una ekseli katikati, na mara nyingi vishikio vya plastiki, kwa hiyo moto hauufai. Jik nayo inautafuna: ukiutumbukiza kila siku, ndani ya muda mfupi utaona vidoa vya kutu kwenye makali na springi itakuwa nzito. Kwa mkasi, tumia spiriti ya asilimia 70.

Ukipata spiriti ya asilimia 95, usifikiri kwamba ni bora zaidi kuitumia ilivyo. Inakauka haraka mno kabla haijaua, na maji kidogo ndiyo yanayoisaidia kupenya. Glasi tatu za spiriti hiyo kwa glasi moja ya maji zinakupa karibu asilimia 70. Dawa ya mikono ya majimaji iliyobaki tangu wakati wa korona inafaa pia kama imeandikwa asilimia 70. Ile ya jeli inaacha unata. Kuhusu waragi, swali huulizwa sana, na kwa mzaha kiasi: waragi ya dukani huwa na kileo cha asilimia 40 hivi. Haitoshi. Inywe au iache.

Weka spiriti kwenye chupa ya kupulizia. Baada ya kila mti, pangusa makali yote mawili kwa kitambaa, puliza hadi yalowe, acha yakauke yenyewe. Ukifuta kabla hayajakauka umefuta dawa. Usipulize karibu na sigara wala sigiri, inashika moto upesi.

Mara moja kwa wiki, au baada ya kazi kubwa, fungua mkasi. Legeza nati ya katikati, panga vipande kwenye gazeti kwa mfuatano ule ulivyovitoa ili usije ukasumbuka kuvirudisha. Chini ya ile nati utakuta ukoko wa kijani uliokauka, mchanganyiko wa utomvu na mafuta, na mwingine umejaa kwenye mfereji wa taya la chini. Huo ndio unaoshinda kila kupuliza. Sugua kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, kausha, tia tone la mafuta, kaza.

Msumeno wa kupogolea ni mgumu kuliko vyote kwa sababu vumbi la mbao hujibana kati ya meno. Hakuna njia ya mkato. Ni brashi, sabuni, kisha Jik, kisha suuza na kausha siku hiyohiyo.

Kwenye kahawa

Wenye robusta wanajua mnyauko wao, ambao ni wa kuvu wala si wa bakteria. Ulionekana Bundibugyo mwaka 1993, ukaua mibuni mingi sana katika miaka iliyofuata. Kuvu hii huingilia kwenye vidonda, na vidonda kwenye mbuni hutoka wapi? Panga la kufyekea majani likigonga shina chini, jembe likichubua mizizi, msumeno wakati wa kukata shina la zamani ili lichipue upya. Palizi karibu na shina ifanywe kwa mkono. Hilo ni sehemu ya usafi wa vifaa hata kama halina dawa ndani yake.

Ukiona mbuni majani yanajikunja, yanageuka njano na kupukutika, matunda yanaiva kabla ya wakati lakini yanabaki yameshika kwenye tawi, kwaruza gome karibu na ardhi. Mbao ikiwa na michirizi ya rangi ya bluu iliyokolea au nyeusi, mti huo hauponi. Kisu ulichokwaruzia kisafishwe hapo hapo kabla ya kukwaruza mti wa pili, kwa sababu ukaguzi wenyewe unaweza kuwa ndio msafara wa ugonjwa. Ng'oa, choma palepale ulipong'olewa. Usikubali mtu aukokote hadi nyumbani uwe kuni au nguzo ya ua, maana unapita kati ya mibuni mizima njia nzima. Ukipanda upya, uliza miche ya aina za KR, ambazo zilichaguliwa na watafiti wetu kwa kustahimili mnyauko huu.

Kwenye migomba iliyougua

Hapa utaratibu umebadilika, na bado kuna wanaofundisha ule wa zamani wa kung'oa shina zima. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na wengi walikata tamaa katikati wakaacha shamba liangamie. Siku hizi kinachoshauriwa ni kukata mgomba ulioonyesha dalili pekee, usawa wa ardhi, kwa panga lililosafishwa, na kuwaacha watoto wasio na dalili. Ugonjwa hauwafikii watoto wote. Rudi kila wiki, kata mwingine ukitokea. Panga lisafishwe kabla na baada ya kila mgomba, hata ndani ya shina moja.

Ua dume, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, liondolewe mara vidole vya mwisho vinapojitokeza, kwa kijiti chenye panda. Unashika kikonyo kwenye panda, unazungusha, kinakatika. Kijiti hakikati utomvu kwa bapa kama panga, na wadudu wanapoteza mahali pa kuingilia. Wenye kayinja, ndizi za pombe, wawe makini zaidi, kwani aina hiyo inashambuliwa kirahisi kupitia ua.

Nyanya na mboga

Kwenye nyanya, chombo kibaya zaidi ni vidole. Unapopunguza vichipukizi kwa kucha unapitisha virusi kutoka mche hadi mche, na kuna virusi vya tumbaku vinavyoishi hata ndani ya sigara iliyokauka. Mvutaji anawe kwa sabuni kabla hajagusa nyanya. Viazi vya mbegu vinavyokatwa vipande ni hatari ileile kwa upande wa mnyauko wa bakteria. Kama hulazimiki kuvikata, panda vizima.

Na tusidanganyane: kuna magonjwa ambayo kuosha vifaa hakuyazuii. Kutu ya majani ya kahawa husafiri kwa upepo na matone ya mvua. Batobato ya muhogo huletwa na inzi weupe na vipando vyenye ugonjwa. Ukiosha panga kwa ajili ya hayo unajichosha.

Mapanga ya watu wengine

Unaweza kufuata yote hayo na bado ukapoteza lusuku lako, yaani shamba lako la migomba, kwa sababu ya mnunuzi wa matoke. Anakuja na pikipiki, ana panga lake, leo amekata mikungu kwenye mashamba matano kabla yako. Kibarua naye alikuwa kwa jirani jana. Na jirani mwenyewe anaomba majani mawili ya kufunikia chakula, anaingia na kisu cha jikoni. Kumnyima jani ni jambo zito, na si lazima umnyime. Kata wewe, umpe.

Weka panga la shamba, moja, limefungwa utepe mwekundu kwenye mpini, lining'inie karibu na njia ya kuingilia pamoja na bomba la dawa. Anayekuja kukata anaacha la kwake nje na kutumia hilo. Waambie mapema, siku ya kupatana bei, wala si wakati ameshainua mkono. Wanunuzi wengi wanakubali ukiwaeleza kwamba shamba likifa hata wao hawatapata mkungu. Asiyekubali, kata mikungu mwenyewe umletee barabarani.

Kufunga siku

Suuza mapanga kwa maji safi, maana Jik ikikaukia kwenye chuma inaleta kutu. Futa, anika juani kidogo, pangusa mafuta. Kesho asubuhi futa mafuta hayo kwa sabuni kabla ya kuanza. Glavu na kitambaa vifuliwe. Viatu vyenye udongo wa sehemu uliyoitilia shaka visuguliwe kabla hujatoka shambani. Maji ya dawa yaliyobaki yamwagwe kwenye shimo au pembeni mwa njia, mbali na kisima, bwawa la samaki na mizizi ya unachokipenda.